Usikimbilie ile Xeon ya kori 16 kwa sababu ya CS2 na Dota

Ndugu yangu wa Barani hapa Malindi, nimeona swali lako nikasema nikujibu kwa urefu manake hili swali naulizwa sana pale dukani kwangu Shela, na majibu mengi yanayotolewa ni ya kubahatisha. Umesema una prosesa ya i7-4770, kori nne (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) thredi nane (kazi inazoweza kuendesha kwa wakati mmoja), na kadi ya picha GTX 1060, unacheza CS2 na Dota 2, gemu inagandaganda watu wakikusanyika pamoja, na ukifungua Task Manager inakuonyesha prosesa imetumika asilimia 40 hivi. Sasa kuna mtu Mombasa anakuuzia mashine ya ofisi ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, yenye prosesa mbili za seva aina ya Xeon E5-2670, kori 16 kwa jumla, unauliza gemu itazitumia zote au la. Haitazitumia kaka. Na kwa hizo gemu mbili waweza kabisa kujikuta nyuma ya hapo ulipo leo. Hiyo pesa ishike kwanza.

Tuanze na hiyo asilimia 40 manake hapo ndipo wengi wanapopotea. Task Manager inachukua thredi zote inazipiga wastani. Ukiwa na thredi nane na moja imejaa pomoni, hiyo moja kwenye hesabu ya jumla ni asilimia 12 na nusu tu, kwa hivyo gemu yaweza kuwa inasubiri hiyo moja imalize kazi huku zingine zimekaa nusu nusu, na wewe waona 40 wasema prosesa bado ina nafasi. Halafu Windows haiiachi kazi ikae kwenye kori ile ile muda wote, inaihamisha hamisha, kwa hivyo hata ukibadilisha grafu ikuonyeshe kila thredi peke yake waweza usione yoyote iliyofika 100, utaona zote zimepanda kidogo kidogo. Usitoe uamuzi wa pesa kwa ile grafu.

Fanya hivi. Ingia mechi ya mazoezi na maboti, tafuta pahali penye fujo, simama hapo hapo, tazama FPS (fremu kwa sekunde) unayopata. Usisogee. Kisha shusha risolusheni mpaka 1280 kwa 720, rudi pale pale utazame tena. FPS ikiruka juu sana, kadi ya picha ndiyo iliyokuwa inakuvuta nyuma. Ikibaki ile ile ama ipande kidogo tu, basi kadi ilikuwa inakaa ikisubiri prosesa iiletee kazi, na hapo ndipo mazungumzo ya kori yanaanza kuwa na maana.

Mimi nilitaka kujua kwa macho yangu, nikachukua mashine moja ya dukani yenye Ryzen 7 1700, hiyo ni kori nane thredi 16, nikaingia msconfig, pale kwenye Boot kuna sehemu ya kuiambia Windows itumie prosesa ngapi, nikawa nazipunguza naiwasha upya naingia Dota. Kutoka kori nane kwenda sita sikuona tofauti yoyote ya maana hata kwenye vita vya watu kumi na spell zimejaa skrini nzima. Kwenda nne ilishuka kidogo. Kwenda mbili ndio mambo yakaharibika, fremu zinaruka, sauti inakatika, hata kipanya kinachelewa. Halafu nikazirudisha zote nane lakini nikaingia BIOS nikaishusha kasi ya prosesa, na hapo FPS ikashuka mara moja, kila nikipunguza kasi nayo inashuka. Gemu ilikuwa inataka kasi ya kori moja. Wingi wa kori ulikuwa umeshatosha zamani.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria fremu moja ya CS2. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16 na kitu kukamilika, ukitaka 144 unabaki na karibu 7. Ndani ya muda huo gemu isome kipanya na kibodi, isome pakiti za data zilizotoka kwa seva, iamue kila mtu amesimama wapi, risasi imepita wapi, mwili ujipinde vipi, kisha itengeneze orodha ya vitu vya kuchorwa iipelekee kadi. Huwezi kumchora mtu kabla hujajua yuko wapi, na huwezi kujua yuko wapi kabla hujasoma pakiti. Yaani kuna foleni ambayo lazima ifuatwe, na ile thredi kuu inayosimamia foleni ndiyo inayoamua FPS yako. Sauti, moshi, kupakia picha kutoka diski, hesabu za animesheni, hizo zinagawika na kori zingine huzichukua. Gene Amdahl alilisema hili mwaka 1967: kama nusu ya kazi haigawiki, hata ukiweka prosesa elfu hutafikia mara mbili ya kasi ya mwanzo. Haijabadilika mpaka leo.

Si kwamba watengenezaji wamelala. Prosesa za kori mbili za watu wa kawaida ziliingia sokoni 2005, mwaka huo huo Xbox 360 ikaja na kori tatu, na hapo walilazimika kujifunza. Valve, wenye CS na Dota, waliitia injini yao ya gemu, Source, uwezo huo mapema, wale mliocheza CS:GO mnaikumbuka ile setingi ya Multicore Rendering. Kisha 2013 PS4 na Xbox One zikaja na kori nane dhaifu, na hapo studio zikaanza kukatakata kazi vipande vidogo vidogo ili kori yoyote iliyo wazi ichukue. Lakini kwenye PC bado kulikuwa na kizuizi, kwenye DirectX 11, ile njia ya gemu kuongea na kadi ya picha, na draiva zake, amri nyingi za kuchora zilikuwa zinapitia thredi moja. DirectX 12 ya 2015 na Vulkan ya 2016 ndizo zilizoruhusu thredi kadhaa kuandaa amri kwa wakati mmoja bila kugombana. World of Warcraft, gemu ya 2004 hiyo, ilipata msaada huo Desemba 2018 kwenye toleo la 8.1. Dota 2 nayo ilihamia Source 2 mwaka 2015 na Vulkan ikaongezwa mwaka uliofuata, na kwa mashine ya prosesa dhaifu kama yako mimi ningeijaribu hiyo Vulkan kabla ya kununua chochote, ni bure.

Zipo gemu za mtandaoni zinazokula kori kwelikweli. Battlefield 2042 ilitoka 2021 na ramani za watu 128 kwenye PC, na hapo kori sita au nane utazisikia. Ila hizi za mashindano, CS, Dota, Valorant, League of Legends ambayo iko tangu 2009, zimekusudiwa ziingie kwenye laptopu ya mwanafunzi yenye kori mbili au nne, na mtengenezaji anayetaka mamilioni ya watu wacheze hawezi kuijenga gemu itakayodai kori 12.

Sasa hiyo Xeon yako. E5-2670 ni ya 2012, kori nane, kasi ya kawaida 2.6 GHz na ikijikaza 3.3. i7-4770 yako ni ya 2013, inafika 3.9, na kwa kila mzunguko inafanya kazi nyingi zaidi manake ni kizazi cha mbele yake. Kwa hivyo kori moja yako inaishinda kori moja yake waziwazi. Na hizo Xeon ni mbili kwenye bodi moja, kila moja ina RAM yake karibu, thredi ikiwa upande huu na data iko upande wa pili inabidi ivuke njia ndefu, na gemu haipendi kabisa kusubiri. Kwa mtu wa kutengeneza video au kuendesha mashine pepe nyingi ningemwambia achukue leo, ni mashine nzuri. Kwako wewe, i3-12100 ya 2022 yenye kori nne tu inayofika 4.3 GHz itaipita mbali kwenye CS2. Ukipata Ryzen 5 5600 au i5-12400, kori sita, hapo umemaliza, utabaki na nafasi ya Discord na kurekodi mechi pia.

RAM usiisahau. Hizi mashine za ex-UK mara nyingi zinauzwa na kijiti kimoja cha 8GB, na vijiti viwili vinavyofanana vinaifungulia prosesa njia mbili za kuvuta data. Kuna kijana wa Maweni alikuja na mashine yake FPS inaanguka kila moshi ukirushwa, nikamwongeza kijiti cha pili cha aina ile ile, ile kuanguka ikapungua mpaka akaniuliza nimebadilisha prosesa. Ndiyo sababu pia Ryzen 7 5800X3D ya 2022 ilisifiwa sana na wachezaji, kori ni nane tu, ila imewekewa kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ya 96MB na thredi kuu haiendi RAM mara kwa mara.

Na joto jamani. Sisi tuko Malindi, Februari na Machi kabla ya masika chumba cha bati ni tanuri, hewa ina chumvi, vumbi linaganda kwenye feni. Paste ya kupitishia joto iliyopakwa juu ya prosesa Uingereza miaka kumi iliyopita imeshakauka ikawa unga. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajishushia kasi yenyewe, na kama tulivyoona kasi ndiyo FPS. Fungua programu ya HWiNFO ukiwa katikati ya mechi utazame: kama i7 yako inaandika 3.7 mpaka 3.9 sawa, kama imeshuka chini ya 3 basi fungua, futa, paka paste mpya. Ni kazi ya jioni moja.

Kuna aliyeandika juu hapo kwamba kori nyingi zitakupunguzia pingi. Hapana. Pingi ni muda wa safari ya pakiti kwenda kwa seva na kurudi. Seva za Valve zilizo na nafuu kwetu ziko Johannesburg na Dubai, na prosesa yoyote utakayoweka haitasogeza Dubai. Kuganda kwa FPS na kuruka kwa pingi ni magonjwa mawili tofauti, washa namba zote mbili kwenye skrini uone ipi inapanda unapokwama.

Tena huko kwenye seva tatizo ni lile lile. EVE Online, gemu ya vita vya angani, kila mfumo wa nyota unaendeshwa kwenye kori moja, ndiyo maana 2012 waliweka mbinu ya kuupunguza mwendo wa muda wenyewe vita vikizidi, mpaka asilimia 10, na vita vya B-R5RB vya Januari 2014 vikachukua kama saa 21. Minecraft ya Java vivyo hivyo, dunia yote inapigwa hesabu mara 20 kwa sekunde kwenye thredi moja kuu. Pale dukani vijana wana seva yao ya LAN, walifuga kuku wakajazana kwenye shimo moja mpaka ramani nzima ikawa inatambaa, kila mtu analalamika kompyuta yake mbovu, na seva ile ilikuwa na kori saba hazina kazi. Tulipowachinja wale kuku ikarudi sawa.

Kwa wale wa Free Fire na PUBG ya simu, hili linawahusu zaidi manake huku mnauziwa neno kori nane kila siku. Helio G35 ni kori nane, zote Cortex-A53, zile ndogo za kuokoa betri. Helio G99 nayo ni kori nane, ila mbili ni Cortex-A76 zenye nguvu na sita ndogo. Kwenye boksi zote zimeandikwa kori nane. Kwenye mchezo thredi kuu ikikaa kwenye A76 ni gemu nyingine kabisa. Mwulizeni muuzaji jina la prosesa, msikubali idadi peke yake.

Kwa hivyo kaka, fanya lile jaribio la 720, tazama kasi na joto katikati ya mechi, angalia una vijiti vingapi vya RAM, uziweke namba hapa. Na kama ni lazima ununue wiki hii, andika bajeti, kuna i3-12100 moja naijua hapa mjini bado haijauzwa.