Barua kwa Mwanangu: Laptopu Uinunue Sasa au Usubiri Toleo Jipya?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata. Unasema ile laptopu yako ya HP, EliteBook 840 G4, inazima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 30, Windows kila siku inakukumbusha kwamba muda wake umekwisha, na jamaa yako wa dukani hapo Mwanza kakwambia usinunue chochote kwa sasa kwa sababu matoleo mapya yako njiani. Unauliza usubiri au ununue.

Matoleo mapya yako njiani siku zote. Kila Januari kampuni za kompyuta hukutana Las Vegas kwenye maonyesho ya CES, zikatangaza mashine za mwaka. Ikifika mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, zinatangaza nyingine kule Taipei kwenye Computex. Kinachotangazwa Januari hakifiki Kariakoo Januari, sembuse Mwanza, na kikifika kinakuja na bei ya ugeni wakati fundi bado hana kioo chake, wala betri, wala bawaba. Kwa hiyo jamaa yako akutajie mambo matatu: ni mashine gani inayokuja, inatoka lini, na inatibu shida yako ipi. Likimshinda hata moja, achana na maneno yake.

Sisemi kusubiri hakuna maana kabisa. Juni 2020 Apple walitangaza hadharani kwamba wanaachana na prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel na kwamba Mac ya kwanza yenye prosesa yao wenyewe ingetoka kabla mwaka haujaisha. Novemba zikaja zenye prosesa hiyo, M1. Aliyenunua MacBook ya Intel Agosti ile alinunua na taarifa anayo, na Juni 2025 akasikia kwamba macOS Tahoe, mfumo unaoendesha Mac, ndiyo ya mwisho kukubali Mac yoyote ya Intel. Pale kusubiri miezi mitatu kulikuwa na akili.

Sababu nyingine nzuri ya kusubiri ni ugonjwa unaojulikana. Kuanzia 2015 hadi 2019 MacBook nyingi zilikuwa na ile kibodi iliyoitwa ya kipepeo. Chembe ya vumbi ikiingia chini ya kitufe, herufi inakwama au inajiandika mara mbili. Na kwa kuwa kibodi ilikuwa imeshikizwa moja kwa moja kwenye bamba la juu, kuibadilisha kulimaanisha kubadilisha bamba zima pamoja na betri iliyogandishwa humo. Novemba 2019 ikatoka ya inchi 16 yenye kibodi ya kawaida. Mtu anayeishi kwenye vumbi kama letu alikuwa na haki ya kuisubiri hiyo.

Ila kuna la tatu watu hulipenda sana kulisimulia. Tarehe 30 Oktoba 2024 Apple waliongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya MacBook Air kutoka GB 8 hadi 16, bei ikabaki ile ile. Air ya M2 ilikuwa dola 999 na ikabaki 999. Aliyenunua Septemba roho ilimuuma. Lakini Apple hawakuwa wametangaza lolote kabla ya siku hiyo, na bahati ya namna hiyo huwezi kuipangia. Na wewe Mac isikushughulishe hata kidogo: Power BI Desktop, ile programu ya kuchambua takwimu unayotaka kujifunza, inaendeshwa kwenye Windows tu.

Halafu kuna jambo linaloigeuza hesabu ya kawaida. Zamani ukisubiri, bei inashuka. Tangu mwishoni mwa 2025 chipu za RAM zimepanda bei vibaya, kwa sababu viwanda vinaelekeza mzigo kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Watengenezaji wakubwa ni watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na Desemba 2025 Micron walitangaza kufunga biashara ya Crucial, chapa yao iliyokuwa ikituuzia RAM na SSD (diski ya kuhifadhia) sisi watu wa kawaida. Toleo jipya linaundwa kwa RAM iliyonunuliwa kwa bei hii ya sasa, ila mashine iliyoagizwa kabla ya hapo ilinunuliwa kwa bei ya zamani. Ukisubiri unaweza kuishia na GB 8 kwa pesa ambayo leo ingekupa 16.

Sasa tuiangalie mashine yako, maana hujaniambia inazima ikiwa katika hali gani. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, Enter, kisha andika powercfg /batteryreport na Enter tena. Itakuonyesha faili limehifadhiwa wapi. Lifungue kwenye Chrome. Tafuta mistari miwili. DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani. FULL CHARGE CAPACITY ni inachoweza kubeba leo. Kama wa kwanza unasoma 51,000 mWh na wa pili 20,000, betri imebaki na asilimia 39 ya nguvu zake. Ile 30 unayoiona kwenye kona ni makadirio tu. Ukifungua faili zito la Excel, prosesa inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti za betri chakavu zinadondoka, na mashine inakata hapo hapo bila kuaga.

Ikizima hata ikiwa kwenye chaja, usiishutumu betri. Sikiliza feni na shika upande wa chini. Kama kuna moto wa kuunguza mkono, feni imeziba vumbi au pesti ya juu ya prosesa imekauka, na hiyo ni kazi ya fundi ya nusu saa. Na ukiona padi ya mguso imeinuka au haibonyei, betri imevimba. Usiichaji, usiikandamize irudi chini. Itolewe siku hiyo hiyo.

Tuseme ni betri. Bado sikushauri uweke mpya. 840 G4 ina prosesa ya kizazi cha saba, mara nyingi i5-7200U au i5-7300U, na Windows 11 inadai Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mafundi wana njia ya kuilazimisha ikubali, lakini mashine yenye vitabu vya hesabu vya wateja sitaki ukae nayo kwa kulazimisha. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na haina malipo ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Ingia Settings, Update & Security, Windows Update, utaona pa kujiandikisha; usipopaona, kwanza hakikisha Windows yako ni toleo la 22H2. Fanya leo. Tarehe hiyo ya Oktoba ndiyo ninayoijali, ya CES waachie wenye maduka.

Kwa hizi siku chache zilizobaki, fanya kazi ikiwa imechomekwa. Kwenye Excel nenda File, Options, Save, na ile dakika 10 ya AutoRecover uifanye 1, maana umeme ukikatika sasa huna betri ya kukubeba. Kila jioni nakili mafaili kwenye diski ya nje.

Kwa hiyo nunua. Ila usinunue neno "mpya". Dukani utaonyeshwa mashine ina stika ya mwaka huu na ndani yake kuna prosesa ya zamani, tena muuzaji mwenyewe hajui. Chukua AMD Ryzen za mfululizo wa 7000: usitazame tarakimu ya kwanza, tazama ya tatu. 7520U ina 2 hapo, yaani Zen 2, usanifu wa 2019. 7530U ni Zen 3. 7540U ni Zen 4. Zote zinasomeka Ryzen 5, zote zinaanza na 75, na tofauti ni kubwa. Intel nao wana yao: Core 5 120U na Core 7 150U zilitoka 2024 kwa jina jipya, lakini ndani ni usanifu ule ule wa kizazi cha 13. Siyo mbaya, ila usizilipie bei ya Core Ultra, ambazo ndizo mpya kweli. Namba kamili isome mwenyewe kwenye Task Manager, kichupo cha Performance, usiridhike na stika.

Kwa kazi yako, QuickBooks, Excel na baadaye Power BI, unahitaji RAM ya GB 16 na SSD ya GB 512. Prosesa ya kizazi cha 10 au 11 inakutosha. Ningekuwa wewe ningetafuta EliteBook 840 G7 au G8 iliyotumika. G7 ni kizazi cha 10, G8 ni cha 11, na zote mbili zina nafasi mbili za kuchomeka RAM ya DDR4, aina ile ile iliyomo kwenye G4 yako. Hapo ndipo kupanda kwa bei ya RAM kunakugeukia kuwa faida: nunua yenye GB 8 kwa bei nafuu, kisha hamishia RAM yako ya sasa. Zikiwa na kasi tofauti zitakwenda kwa kasi ya ile ya polepole. Kwenye Excel hutaona tofauti. ThinkPad T14 ya kwanza nayo ni nzuri, ila RAM moja imechomelewa kwenye ubao na nafasi ya kuchomeka ni moja. X1 Carbon usiiguse bila kuuliza, RAM yake yote imechomelewa. Ukinunua ya GB 8 utakufa nayo ya GB 8.

Ukishindwa bei ya G7, shuka hadi G5, lakini angalia sana. G5 nyingi ni kizazi cha nane, ila zilikuwepo zilizotoka kiwandani na kizazi cha saba, na hiyo itakurudisha hapo hapo ulipo. Namba ianze na 8: i5-8250U, i5-8350U.

Ukiwa dukani usiwe na haraka. Kama ni HP, washa ukibonyeza F10, uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nenosiri la msimamizi, irudishe mezani. Ni mashine ya kampuni ambayo haikufunguliwa, na ahadi ya "fundi wetu atalitoa" isikulaghai. Mwambie aweke Windows 11 upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako. Ikifika kwenye kusanidi ikakukaribisha kwa jina la kampuni ya Uingereza au kwingineko, bado imesajiliwa kwao na wanaweza kuifunga wakati wowote. Bila intaneti hutaliona hilo, ndiyo maana baadhi yao hukuonyesha ikiwa imeshawekwa tayari.

Baada ya hapo fanya ile ripoti ya betri. Chini ya asilimia 70, omba betri nyingine au punguzo la bei ya betri. Fungua ukurasa mweupe uutazame kioo kwa pembeni, utaona madoa. Andika kila herufi. Nyingi zilizotoka Uingereza zina alama ya pauni juu ya 3 na Enter ndefu. Hazina shida, chagua tu kibodi ya United Kingdom kwenye Windows, la sivyo @ na alama za kunukuu zitabadilishana mahali na utadhani kibodi mbovu. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa ukiwa umeweka sikio kwenye bawaba. Chomoa chaja, cheza video dakika ishirini, uone asilimia ngapi zimeondoka. Risiti iandikwe namba ya mashine, ile ile iliyo chini ya bodi, pamoja na muda wa waranti, siyo neno "laptop" peke yake.

Na usinunue wiki hii. Ritani za VAT za wateja wako ni tarehe 20. Peleka hizo kwanza kwa mashine unayoijua, hata kama ni ya kuchomeka. Nunua tarehe 21 au 22, hamisha mafaili, ingia kwenye kila akaunti ya mteja uone inafungua, kisha acha ile ya zamani ilivyo hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata ipite. Ukiitoa RAM, iachie moja iweze kuwaka.

Kabla hujalipa, nipigie picha ukurasa wa ripoti ya betri na ule wa Performance, unitumie WhatsApp. Simu nitakuwa nayo mkononi.

Mama