Bomba la gesi asilia halijafika Mwanza

Je, mtungi wa gesi unaonunuliwa Kirumba au Buzuruga, hapa Mwanza, una gesi asilia ya Mtwara? Hapana, kwa kuwa bomba kubwa la gesi hiyo lililokamilika mwaka 2015 linaishia Dar es Salaam, na gesi ya mtungini ni propani na butani zinazoingia nchini kwa meli kisha kuletwa huku kwa malori. Bomba lile linalopita Kagera na Geita kuelekea Tanga ni la mafuta ghafi. Mimi hufunga majiko, na ninawasihi kwamba siku bomba la gesi asilia litakapofika mtaani, jiko la mtungi lisiunganishwe kabla ya fundi kubadilisha nozeli, kile kipande kinachotoa gesi jikoni: tundu lake, jembamba kama ncha ya sindano, ni dogo mno kwa methani, ambayo ndiyo gesi asilia yenyewe, hivyo moto utakuwa hafifu.