Magoti yakigongana kikaoni

Mdogo wangu, unasema ukisimama kuongea kwenye kikao cha kazini magoti yanagongana, na wajomba zako wa Umasaini wanakuita mwoga. Wajomba wana kipimo chao: kijana akitahiriwa hatakiwi hata kupepesa jicho, akishtuka ni aibu ya ukoo mzima. Sisi wa pwani tunapima kwingine. Tunasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Aliyekwepa ugomvi amerudi kwao mzima. (Msemo huo tumeutumia mno kujifichia, lakini hilo tuliache.)

Kikaoni hakuna kisu wala ugomvi, kwa hiyo usijipime kwa yote mawili. Kesho uwe wa pili kuzungumza. Usingoje mwisho, maana kungoja ndiko kunakopandisha moyo kooni. Sentensi ya kwanza iandike, uisome kama ilivyo. Yangu ilikuwa "Naomba kuuliza kuhusu posho ya usafiri." Karatasi ilitikisika hadi mwenyekiti akaiona. Posho tuliipata mwezi uliofuata, na bado natetemeka.