Usikaushe udongo wako kwenye chumba kile!

Ndugu yangu, simama hapo hapo. Unasema udongo wako wa Masindi, Uganda, ule wa msituni na ule wa shamba la miwa, unaotaka kupimwa umri wa kaboni yake, utaukausha na kuusaga kwenye maabara iliyowahi kufuatilia mbolea kwa kaboni-14 (kaboni yenye mionzi), kwa kuwa "miaka 20 imeshapita". Usithubutu! Kaboni-14 huchukua miaka 5,730 kupungua nusu. Hiyo 20 haijaigusa.

Udongo wa kawaida una takribani atomi moja ya kaboni-14 katika kila atomi trilioni za kaboni, na hiyo moja ndiyo unayotaka kuihesabu ili ujue umri. Kemikali iliyotiwa kaboni-14 kwa makusudi, kama ile ya kufuatilia mbolea, huizidi mara mamilioni. Vumbi usiloliona kwenye mpini wa oveni linatosha kuua sampuli zako zote.

Zangu zilikufa hivyo. Majibu yalionyesha kaboni-14 zaidi ya mara mbili ya kiwango cha hewa cha 1950, kwenye udongo wa kina kirefu. Haiwezekani kabisa! Hata miaka ya 1963 na 1964, mabomu ya nyuklia yalipokwisha kuijaza hewa, kiwango cha kaskazini mwa dunia kilikaribia mara mbili tu. Pesa za utafiti zilikuwa zimekwisha, na sampuli ikichafuka hivyo haina dawa.

Aliyenipotosha ni msimamizi wa maabara. Alipitisha kipima mionzi cha mkononi juu ya meza, kikanyamaza, akasema pasafi. Bado inaniuma. Mionzi ya kaboni-14 ni dhaifu sana, na kile kifaa hakiwezi kuona uchafu mdogo wa aina hii. Mtu anayeshika funguo za chumba cha isotopu (aina za atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito, kama kaboni-13 na kaboni-14) alipaswa kulijua hilo kabla ya mwanafunzi!

Kwa hiyo, kabla hujakausha chochote, ulizia historia ya chumba. Usikubali jibu la "tulitumia isotopu", waulize ipi. Naitrojeni-15 haina mionzi. Fosforasi-32 hupungua nusu kila siku 14, hiyo imeshakwisha. Wakitaja kaboni-14, ondoka. Wasipokumbuka, pangusa meza, oveni na kinu kwa vichujio safi, uvipeleke vipimwe kwanza. Na watakaokupimia umri waambie ukweli, maana sampuli moja chafu inaweza kuharibu mashine yao na kazi za watu wengine. Mimi ningeanika huko huko Masindi, kivulini, juu ya karatasi mpya, na kusaga kwa kinu kipya.

Kaboni-13, isiyo na mionzi, itakufaa kutenganisha kaboni ya msitu na ya miwa, ndiyo: ukilinganisha na kipimo cha kawaida cha maabara, miti ya msitu huwa karibu -27 kwa elfu, miwa karibu -12. Hakikisha tu kati ya enzi ya msitu na ya miwa hapakuota mabingobingo, kwani nayo kipimo chake kiko upande wa miwa.

Kama udongo bado uko kwenye mifuko, usiifungue. Uliza leo, kisha uandike hapa walichokujibu.