Barua kwa mwanangu: mji wa kuhamia mimi na baba yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeisoma mara mbili, mimi na baba yako. Unauliza, sasa mdogo wenu naye ameenda kuanza kazi na nyumba imebaki na sisi wawili, tutahamia wapi: Nakuru, Kisumu, au turudi Kakamega tujenge kijijini? Tena umesema kuna ploti ya futi 50 kwa 100 Nyamasaria, huko Kisumu, ambayo wewe na wenzako mngependa kuchanga mtununulie kabla bei haijapanda. Mungu awabariki kwa moyo huo. Ila msitoe hata shilingi ya kushikia hiyo ploti kwanza.

Leo tuna nguvu, na gari linatembea, kwa hiyo mji wowote unatufaa. Tunayemchagulia mji ni mtu wa miaka 78 ambaye haendeshi tena, na huenda amebaki peke yake. Huyo akishikwa na ugonjwa saa nane usiku atafikaje hospitali? Atakunywa maji gani? Sokoni ataenda kwa miguu, au lazima amsubiri mtu? Upepo wa ziwa na bei ya ploti ni mambo ya kuangalia baada ya hayo.

Nianze na Nyamasaria. Ule ni uwanda wa Kano, ardhi tambarare inayopokea maji kutoka milimani, na sehemu kubwa ina ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Ukijenga juu yake kama unavyojenga kwenye udongo mwekundu wa kwetu, sakafu huinuka katikati, kuta hupasuka mshazari kuanzia kona za madirisha, na milango hukataa kufunga. Dawa yake ni kuuchimba udongo huo wote utolewe mpaka ufikie chini panaposhika, kisha kujaza murram inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka, au kujenga msingi wa zege yenye chuma ambao fundi mhandisi ameupigia hesabu. Gharama hiyo inaweza kula unafuu wote wa bei. Halafu kuna mafuriko. Nenda huko mwezi wa Aprili au Mei, siku baada ya mvua kubwa, uangalie kuta za majirani: alama ya tope itakuonyesha maji yalifika wapi. Dalali atakupeleka Januari. Na usidhani ufukweni ni afadhali, maana mwaka 2020 ziwa lilipanda na watu wa upande wa Dunga wakahama nyumba zao.

Hiyo haimaanishi Kisumu ni mbaya. Ukipanda kuelekea Riat, unatoka kwenye joto la chini na maji hayakukuti. Hospitali zipo, ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga na Aga Khan, uwanja wa ndege uko karibu, na tuktuk inakufikisha mlangoni hata ukiwa na magoti mabovu. Kinachonizuia ni malaria. Mji uko kwenye mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na ugonjwa huo upo mwaka mzima. Mtu mzima aliyeishi huko tangu utotoni mwili wake una kinga kiasi. Anayeingia uzeeni akitoka mahali pa baridi hana.

Eldoret ina Hospitali ya Rufaa ya Moi, na kwa magonjwa makubwa huku magharibi ndiko wengi hupelekwa. Lakini mji uko juu, mita 2,100 hivi, na baridi ya Julai baba yako haiwezi. Tumeuacha.

Tunaelemea Nakuru. Kutoka kwenu Nairobi ni kama kilomita 160, na iko njiani kwenda Kakamega, kwa hiyo msiba ukitokea nyumbani tutakuwa tumeshakata sehemu ya safari. Iko mita 1,850 hivi, usiku unahitaji blanketi, na mbu wa malaria si tishio la kila siku. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini, na za binafsi zipo pia. Lakini Nakuru ina jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui mpaka wameshanunua, nalo ni maji.

Maji mengi ya mfereji pale hutoka kwenye visima virefu vilivyochimbwa katika miamba ya volkeno, na miamba hiyo huyatia floraidi. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo, na kiasi hubadilika kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, hata kisima hadi kisima. Mtoto anayeyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga, yaani mpaka miaka 8 hivi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Mtu mzima akiyanywa yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi, huathirika mifupa na viungo. Wajukuu wakija likizo ya wiki mbili hakuna shida. Mjukuu akiletwa kuishi nasi asome hapo, hilo ni jambo jingine.

Kuchemsha hakusaidii. Kunazidisha, kwa sababu mvuke unaondoka na floraidi inabaki ndani ya maji machache. Dawa ya klorini haiigusi, wala vichujio vya kawaida vya udongo havifanyi kazi hiyo. Vinavyoiondoa ni mkaa wa mifupa, ambao lazima ubadilishwe ukishashiba, au mtambo ule wa kusukuma maji kwenye utando mwembamba, ambao hutupa sehemu ya maji kila unapochuja na unahitaji stima. Kwa wazee wawili, njia rahisi kuliko zote ni mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya kututia hofu.

Hesabu yake ni hii. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ukitoa sehemu ya tano inayomwagika na kukauka, unabaki na lita 72,000. Sisi wawili kwa kunywa na kupika hatuzidi lita 20 kwa siku. Kiangazi cha siku 100, kuanzia Disemba mpaka Machi, kinataka lita 2,000 tu. Kwa hiyo tangi la lita 3,000 lililotengwa kwa kunywa na kupika pekee linatosha, hata na wageni wa Krismasi. Kuoga, kufua na choo vitatumia maji ya mfereji. Kosa la kawaida ni kununua tangi moja kubwa na kulitumia kwa kila kitu, likaisha Januari, kisha mtu akarudi kunywa ya mfereji.

Maji ya kwanza ya mvua yamwagwe, maana yanabeba vumbi na mavi ya ndege, na Nakuru ina vumbi. Kwa paa hilo kiasi cha lita 50 zinatosha, na bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 3, lililosimamishwa wima kabla ya tangi na kuzibwa chini kwa kifuniko cha kufungulia, hushika kiasi hicho. Likijaa, maji safi hupita juu kuingia tangini. Lifunguliwe likauke baada ya kila mvua, la sivyo mvua inayofuata inalikuta limejaa uchafu wa jana na yote yanaingia tangini. Kisha ya kunywa yachemshwe, maana mvua haina floraidi lakini vijidudu vya paani vipo. Paa liwe la mabati au vigae. Nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto tusikinge maji yake, na kwa kweli tusizipange kabisa.

Kabla hatujapanga nyumba yoyote, tutachukua chupa ya maji ya mfereji wa nyumba hiyo hiyo tuipeleke maabara ya maji, tuombe kipimo cha floraidi kwa miligramu. Mwenye nyumba akisema "watu wote hapa wanakunywa," hajajibu.

Jambo la pili la Nakuru ni ardhi yenyewe. Upande wa magharibi wa mji udongo ni majivu ya volkeno yaliyolala juu ya nyufa za chini. Mvua kubwa huyachukua kupitia nyufa hizo na ardhi hutitia. Ukiona mstari uliobonyea ukivuka barabara na kuendelea kwenye viwanja vya watu, ondoka. Na kwa upande wa chini, ziwa limekuwa likipanda tangu 2010 hivi, limemeza lango la zamani la mbuga na kuwahamisha watu wa mtaa wa Mwariki. Ndiyo sababu tunaangalia mitaa ya Milimani na Section 58. Kiamunyi ni pazuri, lakini bila gari ni mbali.

Tutapanga, hatutanunua, angalau mwaka mzima ili tuone kiangazi na masika. Nyumba ya chini bila ngazi, vyumba viwili na kimoja cha wageni, choo ambacho mtu wa mkongojo anaingia bila kugeuka mara tatu. Mita ya maji na ya stima ziwe zetu peke yetu, na majirani, si dalali, watuambie maji hutoka siku gani. Wiki ya kwanza gari litalala. Tukishindwa kufika sokoni, duka la dawa, kanisani na stendi ya matatu bila gari, tutatafuta mtaa mwingine. Usiku mmoja tutapima dakika za kufika kwenye chumba cha dharura kwa teksi, na mchana tutauliza kama kliniki ya presha ina mkataba na SHA, ile bima ya afya ya serikali. Baba yako akishastaafu, mchango wetu hautakatwa tena kwenye mshahara. Utapigiwa hesabu ya kaya, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Usipolipwa, kadi haifanyi kazi siku unayoihitaji.

Kuhusu kijijini: nyumba ndogo ya kule itabaki, na ndiko tutakakozikwa. Lakini shamba lile bado liko kwa jina la babu yenu. Mpaka urithi upite mahakamani na hati itoke kwa majina ya walio hai, nyumba kubwa ya kudumu juu yake ni kesi kwenu ninyi watoto. Mwombeni ba'mdogo aanzishe jambo hilo mwaka huu, wazee wanaojua mipaka wakiwa bado wapo. Na sisi tukishakaa Nakuru, tukija msibani lazima tulale kwenye neti, maana kinga ya malaria hupungua mtu akikaa mbali. Homa ikianza wiki moja au mbili baada ya kurudi, daktari wa Nakuru aambiwe tulikotoka, la sivyo atatibu kifua.

Siku mtakapotununulia, ikiwa bado mnataka, mambo yaende kwa mpangilio huu. Wakili wenu, si wa muuzaji, afanye upekuzi rasmi wa hati kwanza. Mpima ardhi ahakikishe mawe ya mpaka yako pale ramani inaposema. Mke au mume wa muuzaji atoe idhini kwa maandishi. Kisha mkataba, na asilimia 10 ya amana kupitia akaunti ya wakili. Kama ardhi ni ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba unakufa. Wekeni kando ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Wengi huusahau kwenye hesabu.

Fedha mliyokwisha kuchanga iwekeni kwenye akaunti ya pamoja. Kama mnataka kutusaidia sasa, tunahitaji tangi la lita 3,000, bomba la inchi 6 na gharama ya maabara. Tutakwenda kuangalia nyumba za Section 58 mwezi ujao, mvua ikiwa bado inanyesha. Ukipata Jumamosi, tukutane huko, uje na chupa safi mbili za lita moja.

Baba yako anakusalimu. Wasalimie watoto.

Mama yako