Laki zangu 5 kwa Subaru ya mtumba: zilizonifaa na zilizokwenda bure

Kila nikiegesha mahali hakosi kijana wa kuniuliza, kaka nimenunua STI ya mtumba, ile Subaru ya mbio, nianze kubadilisha eksozi ama rimu? Namuuliza, bushi, zile raba za maungio ya chini ya gari, umeziangalia? Hapo ananuna, manake si jibu alilokuja kutafuta.

Yangu ni Impreza WRX STI ya 2006, gia sita za mkono, nilinunua kwa mtu hapahapa Nyali. Sisi wa umri huu tulikua tukimuona Patrick Njiru na Subaru zake kwenye Safari Rali, alafu 1997 Colin McRae akaja akaishinda na Impreza, sasa mtu kama mimi akishika pesa kidogo akili itaenda wapi? Basi miezi sita tu nikamwaga kama laki 5 za kuibadilisha, juu ya bei ya gari, na nusu yake wallahi bora ningeitupa baharini pale feri nikajua moja.

Nianze na mngurumo kwa sababu ndo ulionila zaidi. STI ya Japani ya miaka ile haiungurumi. Jamaa zangu wa Tudor walinicheka, ati Subaru gani hiyo imenyamaza kama Vitz. Kumbe kuna sababu. Injini ya Subaru pistoni zimelala, mbili huku mbili kule, na zile Subaru zinazonguruma mabomba yake ya moshi hayalingani urefu, moshi wa upande mmoja unawahi na wa pili unachelewa, ndo ile budubudu watu wanaipenda. Hii yangu ilitoka kiwandani na mabomba yanayolingana na turbo, ile feni inayozungushwa na moshi kusukuma hewa ndani ya injini, ya njia mbili ndani, wanaiita twini-skroli, moshi wa silinda hizi usiingiliane na wa zile, ili turbo iamke mapema. Mainjinia wamekaa wakafikiri wakapatia, mimi nikang'oa yote. Nikaweka mabomba ya mtumba yasiyolingana na turbo ya njia moja, ili nisikike nikipita chini ya zile pembe za Moi Avenue. Laki na nusu na ushee ikaenda. Iliunguruma, siwezi kusema uongo, watoto walikua wakigeuka. Lakini ukikanyaga chini ya rev 3,000, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, hakuna kitu, unangoja vile unavyongoja feri Likoni saa kumi na moja jioni.

Kisha nikabadilisha ile valvu ya turbo, nikaweka ya kutoa hewa nje iseme psssh. Mtu asikudanganye hiyo inaongeza nguvu. Ile hewa kompyuta ya gari ishaihesabu ikiingia na ishaipangia petroli yake, wewe unaimwaga nje, kwa hivyo petroli inabaki nyingi na kila ukibadili gia gari inakohoa. Na filta ya hewa ya wazi, nayo niliifunga, ndo mbaya zaidi ukiifunga kienyeji bila kutuni, yaani kuipanga upya kompyuta ya injini, manake kile kihisi kinachopima hewa kimepangiwa bomba la kiwandani, ukigeuza bomba hesabu zinapotoka, inaweza kuwa petroli ni chache wakati turbo inasukuma, na pistoni za injini hizi hazina huruma, pale kwenye ringi zinapasuka. Yangu haikupasuka. Bahati tu.

Kutuni sasa. Hiyo mimi naiunga mkono, tena kwa gari kama hii naiona ya lazima, kwa sababu ilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani karibu 100, ile isiyojilipukia ovyo, na huku hujazi hiyo. Makosa yangu yalikua mahali. Nilipanda nayo Nairobi, fundi akaituni usiku, baridi, kule juu hewa nyepesi, gari inateleza mpaka raha. Nikateremka nayo, kufika Mariakani joto lishaanza, nikiingia Mombasa naikanyaga nasikia kama kokoto ndani ya kopo. Huku pwani hewa ni nzito, inaingia nyingi zaidi kwenye injini, alafu joto juu yake, basi inagonga, petroli inajilipukia vibaya ndani. Nililipa mara ya pili kumleta mtu na laptopu aipange hapa hapa, saa nane mchana, jua kali. Ukiwa unaishi Mombasa gari itunie Mombasa, na mchana.

Koilova, zile springi na shoka za kushusha na kupandisha gari, sikwambii sana. Zilikaa mwaka. Matuta yaliikwangua gari chini kila siku, na chumvi ya bahari ikashika zile nyuzi za kuzungushia mpaka hazizunguki tena, kwa hivyo ile raha ya kupandisha na kushusha sikuiona. Mgongo wa mama watoto nao ulikua na maneno yake.

Zilizonifaa ni zile hakuna mtu atakayeziona. Bushi zote za chini mpya, shilingi 38,000 na ufundi, gari ikawa nyingine kabisa, usukani ukaacha kutangatanga. Pedi nzuri na oili mpya ya breki. Redieta nene, manake kwa foleni ya kwenda Mtwapa hizo farasi 280 zinasimama tu zinachemka. Taiming belti, hii usiulize bei, ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Na kuna ule mrija wa kunyonya oili chini ya injini, unajulikana kwa kupasuka kwenye maungio, ukipasuka oili haipandi na beringi zinakufa. Wako mafundi wa Subaru peke yake wanauza ulioimarishwa, na hiyo ndo apgredi ya kitaalamu ningenunua kabla hata ya kuosha gari.

Ukija kuuza, usingoje kurudishiwa pesa za urembo. Nilijaribu kuiuza mara moja, mnunuzi akafungua boneti akaona ile filta, akauliza imepigwa sana hii? akakata laki 2 papo hapo. Basi kila kitu cha orijino unachotoa kifungie gunia, weka uvunguni. Na bima yako iambie ulichobadilisha, usije ukagonga ndo mkaanza kusomeana mkataba.

Mimi sikuweka gunia. Mabomba yanayolingana na turbo yake nilivitafuta miezi minne, nikavipata kwa jamaa anavunja STI Nairobi, vikateremka kwa basi, elfu 85. Gari imenyamaza tena. Wale wa Tudor wamerudi kunicheka, na mimi nikigusa 2,500 inaondoka.