Jogoo wako wa shingo tupu hana kasoro
Ndugu, unahofu kuwa uliuziwa jogoo asiye wa shingo tupu halisi, lakini hujapunjwa. Unasema jogoo wako wa shingo tupu amekutolea vifaranga 12, na 5 wana manyoya shingoni kama mama zao. Ndivyo inavyokuwa. Jeni (chembe ya urithi) ya shingo tupu ina nguvu: ikitoka kwa mzazi mmoja tu, inaonekana. Jogoo wako anayo moja, kwa hiyo takriban nusu ya watoto wanaikosa.

Mshike umtazame shingo upande wa mbele, juu kidogo ya kifuko cha chakula. Akiwa na kishada cha manyoya pale, ana jeni moja. Mwenye mbili huwa karibu tupu kabisa. Mimi hapa Kasarani huwachagua hivyo hivyo, mmoja mmoja, na nawapenda sana kuku hawa kwa vile wanavyostahimili joto.

Sasa mtafutie mitetea wa shingo tupu wasio dada zake. Hata wakiwa wa jeni moja, katika kila vifaranga 4 utapata kwa wastani 3 wa shingo tupu, mmoja wao akiwa na jeni zote mbili. Huyo ndiye wa kufuga. Ila Julai usiwanyime joto, baridi ya Nairobi inawaumiza.